Benki kibao Kariakoo, kuhama ndio shughuli: tathmini yangu ya mikopo ya biashara ndogo

Nianze na alama kabisa kwa mwenye haraka. Mikopo ya biashara ndogo kwenye benki za Kariakoo naipa nyota mbili na nusu kati ya tano, na hizo alama ni za soko zima sio za tawi moja. Majina ya benki sitaji, maana nililokutana nalo sio la meneja mmoja mwenye roho mbaya, ni jinsi soko lenyewe lilivyokaa, ukitoa bango la mlangoni ukaweka la benki nyingine stori inabaki ile ile.

Mimi nashika mahesabu ya duka la familia, vitenge na mashuka, mtaa wa Narung'ombe, duka ni la dada yangu mkubwa. Kazi yangu ni daftari, mashine ya risiti ya EFD, makadirio ya kodi ya TRA na kugombana na benki. Kila nikilalamika riba kuna mtu ananiambia "sasa we si uhame, benki ziko kibao". Na kweli ziko kibao, anzia Msimbazi shuka mpaka Gerezani uhesabu mabango utachoka, nchi nzima benki na taasisi zenye leseni ya Benki Kuu ni zaidi ya 40. Kwa hiyo watu wanaangalia mabango wanasema ushindani upo. Mi nasema mabango hayapimi ushindani, na nitawaonyesha kwa namba za mkopo wetu wenyewe, maana tumehama na kila risiti ninayo.

Mkopo wenyewe ulikuwa hivi. Milioni 20, miezi 24, benki inasema riba ni asilimia 1.2 kwa mwezi. Ukisikia 1.2 unaona mbona nafuu, mara 12 ni 14.4 kwa mwaka, chini kabisa ya wastani wa mikopo nchini ambao kwa miaka ya karibuni umekuwa ukicheza kwenye 15 na 16. Shida ni kwamba ile ni riba flati. Yani wanachukua 1.2 ya milioni 20 yote kila mwezi, laki 2 na 40, hata mwezi wa mwisho ambapo ulichobaki nacho mkononi hakifiki milioni. Rejesho likawa 1,073,333 kila mwezi, na riba yote mpaka mwisho ni milioni 5 na laki 7 na 60. Sasa chukua rejesho hilo hilo uliweke kwenye kompyuta, uliza ni riba gani ya salio linalopungua, yani inayokatwa kwenye deni lililobaki tu, inayozaa rejesho kama hilo, inakuja asilimia 25 na nusu kwa mwaka. Ishirini na tano! Benki ya jirani, mwendo wa kutembea kwa miguu, inatoa asilimia 17 ya salio linalopungua, mkopo kama huo kwao riba yote ingekuwa kama milioni 3 na laki 7. Tofauti ni milioni 2 nzima kwenye mtaa mmoja kwa bidhaa ile ile, maana hela haina rangi, shilingi ya benki hii na ya benki ile ni ileile.

Hapo ndipo mtu wa kawaida anapaswa kujiuliza, inakuwaje bei mbili tofauti hivyo zinaishi mtaa mmoja na ile ya bei ghali haifungi? Muuza vitenge akizidisha elfu mbili tu juu ya bei ya jirani yake wateja wanavuka barabara saa hiyo hiyo. Kwenye mikopo hawavuki. Kwa nini hawavuki ndio ushindani wenyewe ninaotaka kuuzungumzia.

Wataalamu wana vipimo vyao, na nimevisoma kwa sababu hili jambo linanigusa mfukoni. Kipimo cha kwanza ni rahisi, unachukua benki tatu au tano kubwa unajumlisha fungu lao la soko. Kwetu CRDB na NMB peke yake zinabeba zaidi ya theluthi moja ya mali zote za mabenki, na hii haijifichi, kila robo mwaka mabenki yanatangaza hesabu zao magazetini, chukua peni ujumlishe. Kipimo cha pili kinaitwa HHI, kwa majina ya Herfindahl na Hirschman, unachukua fungu la kila benki unalizidisha kwa lenyewe halafu unajumlisha. Tuseme nchi ina benki tano, kila moja asilimia 20, basi ni 400 mara tano, 2,000. Nchi nyingine nayo ina benki tano lakini moja ina 40, nyingine 30, tatu zilizobaki kumi kumi, hapo ni 1,600 na 900 na 300, jumla 2,800. Benki ni tano kote lakini namba inakuonyesha nchi ya pili wakubwa wameshika usukani. Marekani wanakitumia sana hiki kipimo benki zikitaka kuungana, na kwenye miongozo yao ya mwaka 2023 ya kuunganisha makampuni, soko likizidi 1,800 wanaliita lililoshikwa na wachache.

Kipimo kizuri, sikatai, kinakamata kitu ambacho kuhesabu mabango hakikamati. Ila ona kinavyoweza kukulaza usingizi. Tuseme nchi ina benki mbili kubwa zenye 20 kila moja, halafu vibenki 30 vyenye mbili mbili. Kubwa zinaleta 800, vile 30 vyote pamoja vinaleta 120 tu, jumla 920. Hiyo iko chini sana ya ile 1,800, kwa hiyo soko linaonekana halina tatizo. Mtu wa takwimu anafunga faili anaenda kula. Lakini je, vile vibenki 30 vinakopesha nani? Kingine kipo kwa ajili ya makampuni makubwa tu, kingine kina matawi mawili mjini kati, kingine mkopo wake wa chini kabisa unalizidi duka letu zima. Mimi ninayetafuta milioni 20 ya kununua mzigo kabla ya Idd, kwangu soko sio benki 32, kwangu soko ni zile zinazokopesha duka dogo, zinazokubali hati ya nyumba ya Tabata kama dhamana, na zenye afisa mikopo anayeweza kufika dukani kuona mzigo. Ukichuja hivyo zinabaki za kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Kwa hiyo kabla hujapima ushindani lazima kwanza useme unapima soko lipi, la bidhaa gani na la watu wa wapi. HHI ya mali zote za mabenki inajibu swali ambalo mfanyabiashara wa Kariakoo hajaliuliza, na huyu wa Kariakoo ana unafuu, mwenzake wa wilaya ya mbali tawi analolifikia linaweza kuwa moja tu, huko hata hesabu huhitaji.

Sasa tuje kwenye kuhama, hapa ndipo nilipojifunza kuliko kwenye makala zote.

Tulikuwa tumeshalipa theluthi moja ya marejesho. Mtaji uliobaki, yani deni bila riba, kwa barua yao wenyewe ni milioni 13 na laki 3 na 33 elfu na kidogo. Tungebaki palepale tungelipa riba ya milioni 3 na laki 8 na 40 mpaka mwisho. Benki ya pili ikasema italipa hilo deni na sisi tutawalipa wao kwa 17 ya salio linalopungua kwa miezi ile ile iliyobaki, riba yote milioni 1 na laki 6 na 60 hivi. Faida ya kuhama, milioni 2 na laki karibu 2. Dada alifurahi mpaka akanunua soda dukani.

Halafu zikaanza kuja gharama moja moja. Faini ya kufunga mkopo mapema, asilimia 5 ya deni lililobaki, laki 6 na 67 elfu, imeandikwa kwenye mkataba ukurasa wa nyuma kwa herufi za kusoma na miwani. Mthamini wa nyumba laki 3, wakati nyumba ilishathaminiwa na benki ya kwanza na haijaongezewa hata tofali, ila benki ya pili haipokei ripoti ya mthamini wa wenzao. Wakili na kufuta rehani ya zamani na kusajili mpya, laki 3 na nusu. Ada ya mkopo kwa benki mpya, asilimia 1.5 ya deni, laki 2. Jumlisha, milioni 1 na laki 5 na 17 elfu. Kwenye ile faida ya milioni 2 na laki 1 na 80 hivi ikabaki laki 6 na 60 na kitu. Gharama za kutoka zimekula karibu asilimia 70 ya faida ya kutoka.

Na hapa ndipo naomba msome taratibu. Tulipopeleka barua ya kuomba salio la mkopo ili tuhame, wakatuzungusha wee, leo mtandao uko chini, kesho msainiji yuko semina, hadi siku moja dada akapigiwa simu na meneja mwenyewe. "Mama, nyie ni wateja wetu wa siku nyingi, mbona hamkusema? Tunaweza kuwashushia mpaka asilimia moja." Kutoka 1.2 kuja 1.0, flati bado. Nikakaa na kikokotoo. Asilimia 0.2 ya milioni 20 ni elfu 40 kwa mwezi, mara miezi 16 iliyobaki, laki 6 na 40 elfu. Faida yetu halisi ya kuhama baada ya gharama zote ilikuwa laki 6 na 60 na kitu. Tofauti elfu ishirini na kitu! Yani punguzo walilotoa linakaribia kabisa kiasi ambacho kingetufanya tuone kuhama hakuna maana. Siwezi kuingia kichwani kwa meneja nikajua alipigaje hesabu, ila namba zenyewe zinaongea: benki ya kwanza haikuwa inashindana na riba ya benki ya pili. Ilikuwa inashindana na riba ya benki ya pili ukijumlisha na gharama zetu za kutoka. Na hiyo asilimia moja ilikuwepo siku zote, wangeweza kutupa tangu mwanzo na wasife njaa, ikatoka siku tuliposhika barua ya ofa ya wengine mkononi.

Kuna kipimo kinachokamata kitu hiki karibu zaidi kuliko HHI, cha mchumi Abba Lerner, kipo tangu 1934. Unachukua bei, unatoa gharama ya kuzalisha kipande kimoja zaidi, unagawa kwa bei. Mfano benki inapata shilingi 16 kwa kila mia inayokopesha, na kukopesha mia nyingine moja kunaigharimu 10, ukiweka riba ya wenye akiba, mishahara na hela za wasiolipa, basi 6 kwa 16 ni 0.375. Ushindani ukiwa mkali inaelekea sifuri, maana akizidisha tu anakimbiwa. Kazi yake ngumu ni kuipata hiyo gharama ya mia ya nyongeza, benki haiandiki mahali, watafiti wanaikadiria kutoka kwenye vitabu vya hesabu. Ila mteja anaweza kuonja kipande chake kwa njia tuliyopita sisi, omba barua ya salio, tafuta ofa, uone bei inashuka kiasi gani. Kilichoshuka kilikuwa nyama juu ya gharama.

Kipo pia cha Panzar na Rosse, hiki kinauliza gharama za benki zikipanda asilimia 10 mapato yake nayo yanapanda kwa kiasi gani. Kwenye ushindani kamili yanapanda hizo hizo 10 na kipimo kinasoma 1, kwa anayekaa peke yake sokoni kinasoma sifuri au chini ya hapo, na nchi nyingi zinaangukia katikati. Mwaka 2004 watafiti Claessens na Laeven walikipeleka kwenye nchi 50 na kilichonifurahisha ni kwamba hawakuona kuwa nchi zenye benki chache kubwa ndizo zenye ushindani mdogo, walichoona kina uzito ni urahisi wa benki mpya kuingia na kufanya shughuli. Mlango, sio idadi ya waliomo ndani. Mimi naongeza mlango wa pili, wa mteja kutoka.

Na mlango wa kutoka unaweza kutengenezwa, sio amri ya Mungu. Uingereza tangu Septemba 2013 wana huduma ya kuhamisha akaunti, siku 7 za kazi, benki mpya ndio inabeba kazi yote, malipo yaliyokuwa yanaenda akaunti ya zamani yanafuata mpya. Hapa kwetu TCRA, wasimamizi wa mawasiliano, Machi 2017 walituletea kuhama mtandao wa simu bila kubadili namba. Mikopo yenye rehani ni mizito zaidi ya laini ya simu, hilo naelewa, ila ripoti ya mthamini aliyesajiliwa kupokelewa na benki yoyote ndani ya mwaka mmoja kuna ugumu gani? Barua ya salio kutoka ndani ya siku chache kuna ugumu gani, wakati salio lipo kwenye kompyuta? Benki Kuu ina kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha za mwaka 2019, na FCC, tume ya ushindani, wapo kwa sheria ya ushindani ya 2003. Mimi ningependa kuona hizo ofisi mbili zinapima muda wa kupata barua ya salio tawi kwa tawi na kuutangaza, kama mabenki yanavyotangaza faida zao kila robo mwaka. Kipimo hicho hakihitaji udaktari wa uchumi.

Kwa haki nisiwe mtu wa kusahau tulikotoka. Baada ya Azimio la Arusha 1967 mabenki yalitaifishwa na kwa miaka zaidi ya ishirini biashara ya benki za kawaida Bara ilikuwa karibu yote ya NBC, benki ya serikali. Hapo HHI yako ilikuwa inakaribia 10,000, juu yake hakuna namba. Sheria ya mabenki ya 1991 ikafungua mlango, 1993 zikaingia benki binafsi za kwanza, 1997 NBC ikagawanywa na NMB ikazaliwa hapo. Kwa hiyo mtu akiniambia hali ni nzuri kuliko enzi za wazee namkubalia kwa moyo wote. Nyota mbili na nusu sio sifuri.

Na kuna kona moja ya soko hili naipa nyota tano bila kusita, mawakala. Nenda mtaa wa Kongo, kibanda kimoja mwenye nacho ana mashine za benki tatu nne zimepangwa mezani na simu za mitandao yote, unasema "kaka nataka kuweka NMB", anaweka, "CRDB", anaweka, salio likiisha huku anakuambia jirani analo. Mteja hafungwi na mtu. Makato ukiona makubwa benki hii unatoa kwa njia nyingine palepale umesimama. Tangu M-Pesa iingie 2008 na mitandao ikaanza kutumiana hela 2014, na sasa Benki Kuu ina mfumo wa TIPS unaounganisha benki na simu, kutuma na kuweka hela kumekuwa na ushindani wa kweli, unaouona kwa macho, benki zimelazimika kukimbia. Dukani kwetu mteja wa Kigoma analipa mzigo kwa simu hela inaingia benki kabla boda hajafunga kamba. Hapo hapo, benki zile zile, mtaa ule ule, wanashindana vizuri. Ukija kwenye mkopo wanatulia. Tofauti ni kwamba kwa wakala kuhama ni kunyoosha mkono upande wa pili wa meza, na kwenye mkopo kuhama ni milioni 1 na nusu.

Eneo lingine nililolipa alama ndogo ni riba ya akiba. Akaunti ya akiba ya kawaida inalipa wastani wa asilimia 2 mpaka 3 hivi, wakati mkopo ni 15, 16. Sio tofauti yote faida, kuna wasiolipa, kuna hela lazima ziwekwe Benki Kuu, kuna walinzi na jenereta na matawi. Lakini angalia inavyotembea. Benki Kuu ilianza mfumo wa riba ya sera, yani riba yake inayoongoza riba za mabenki, Januari 2024 kwa asilimia 5.5, Aprili ikapanda 6, Julai 2025 ikashuka 5.75. Ukitaka kujua ushindani upo, fuatilia hiyo ikishuka afisa mikopo wako anakupigia simu kukushushia au mpaka umfuate na barua ya kuhama. Mimi sijapigiwa.

Kuna wanaosema basi serikali iweke kikomo cha riba tumalize. Kenya walifanya, Septemba 2016 wakaweka mwisho wa riba pointi 4 juu ya riba ya benki kuu yao, mabenki yakaona kumkopesha mama wa sokoni hailipi, yakapeleka hela kwenye dhamana za serikali, yani kuikopesha serikali, Novemba 2019 wakaifuta. Mimi kikomo sikitaki. Mwenye duka dogo anaumia wa kwanza.

Na kuna upande wa usalama, ushindani usiwe wa kufa na kuzikana. Januari 2018 Benki Kuu ilizifutia leseni benki tano ndogo kwa siku moja kwa kukosa mtaji wa kutosha, mwaka huo huo Bank M ikawekwa chini ya usimamizi. Watu waliokuwa na hela humo walihangaika. Bima ya amana sasa inafika milioni 7.5 kwa mteja, kwa hiyo kabla hujakimbilia benki inayotoa riba nzuri ya akiba fikiria hiyo namba. Mi ningependelea benki 15 imara zinazoogopa kunipoteza kuliko 45 zisizojali nikiondoka.

Turudi kwenye tathmini. Tulihama, pamoja na lile punguzo, kwa sababu moja ya kibiashara, kwenye salio linalopungua tukipata msimu mzuri tukalipa zaidi ya rejesho riba inashuka mwezi unaofuata, kwenye flati hata ulipe zaidi ya rejesho, maadamu hujafunga mkopo wote, riba ya mwezi ni ile ile. Na ilitokea kweli, mzigo wa Idd ulitembea, tukapunguza mtaji.

Benki ya kwanza nyota moja na nusu. Nusu ni ya dada wa kaunta ambaye kila tukienda alikuwa anatuambia ukweli barua imekwama meza ya nani, asante sana dada. Benki ya pili tatu na nusu. Afisa mikopo wao alifika dukani, akakagua stoo, akaandika jedwali la marejesho mbele yetu kwa mkono likionyesha kila mwezi riba ngapi mtaji ngapi, akamwambia dada, "Mama, usisaini leo, kaisome na watoto nyumbani." Hilo peke yake ni nyota. Nimewakata kwa kukataa ripoti ya mthamini, na kwa ada ya 1.5 ambayo haikuwepo kwenye kipeperushi. Nilipouliza faini yao ya kufunga mapema ni ngapi, akasema asilimia 2. Ipo, ila 2 sio 5, na nimemwambia dada tukipata ofa nyingine mwakani hesabu itakuwa nyepesi.

Kwa anayetaka kufuata njia hii: ukienda kuulizia mkopo usiulize "riba ngapi kwa mwezi". Uliza rejesho ni shilingi ngapi, miezi mingapi, na mkononi napokea shilingi ngapi baada ya ada na bima, namba hizo tatu zinatosha kulinganisha benki yoyote na benki yoyote. Kisha uliza nikitaka kufunga mapema nalipa nini, na barua ya salio inatoka ndani ya siku ngapi, wakwambie kwa maandishi. Beba stetimenti ya miezi 6, leseni, TIN, nakala ya hati, na ripoti ya taasisi za taarifa za mikopo uione mwenyewe kabla yao, maana deni dogo la simu ulilolisahau linaweza kukutoa kwenye foleni. Usiende mwisho wa mwezi, Msimbazi nzima ni mishahara na afisa mikopo hatakuwa na muda na wewe, nenda katikati ya wiki asubuhi.

Mwenye uzoefu wa kuhamisha mkopo Ilala au Mbagala aniandikie alipigwa faini asilimia ngapi na barua ya salio ilichukua muda gani, nakusanya kwenye jedwali, nikipata za kutosha nitaziweka hapa bila majina ya watu.